Fremu ya Banda la Kuku

Katikati ya Machi, theluji ikiwa imebaki kwenye vivuli vya kuta tu, Milada alikuwa na karatasi yenye majina matatu na hakujua aanze na lipi.

Karatasi ile aliiandika Jumapili, baada ya simu ya kaka yake Ota kutoka Kanada. Ota hupiga kila Jumapili, Milada akiwa anaosha vyombo vya mchana na yeye kule akiwa anakunywa kahawa ya asubuhi. Safari hii hakuuliza habari za paka. Alisema anakuja Juni, atakaa mpaka Agosti, na ana ombi moja.

"Nitafutie pikipiki," alisema. "Zile za motokrosi, za mbio za matopeni, za wakati wetu. Iwe mbovu. Tutaifufua pamoja, mimi na wewe."

"Mimi? Ota, mimi nimeshona glavu miaka thelathini na minane. Pikipiki naijua kwa kelele tu."

"Vizuri. Itakuwa ya kwanza kwako, na ya kwanza kwangu. Mimi sijawahi kuifufua hata moja, kazi yangu ilikuwa kuziua. Siwezi kukaa mezani miezi mitatu watu wananitazama, Mila. Nipe kitu cha kushika. Chagua wewe, mimi huku sioni kitu."

Milada alimwelewa. Ota alikuwa na miaka ishirini na minne pale klabu ya pikipiki ya kijiji ilipopewa ruhusa kwenda kushindana Austria. Walikwenda watano, wakarudi wanne; Ota alitorokea huko huko. Kwa sababu yake klabu nzima ilizuiwa kuvuka mpaka wa nchi kwa miaka mitano, na vijana waliokuwa na mbio miguuni wakazeeka wakizunguka mashamba ya viazi ya kwao wenyewe. Serikali ile ya kikomunisti ilipoondoka, Ota alirudi mara moja, mwaka tisini na moja, kumzika mama. Alisimama makaburini kola ya koti imepandishwa hadi masikioni, akalala usiku mmoja, akaondoka na basi la kwanza. Mke wa Radim, mmoja wa wale wanne, alikuwa ameoka sinia zima la keki za plamu, kwamba wenzake wa klabu watapita kumsalimu. Milada alizila keki zile peke yake wiki nzima.

Sasa Ota ana miaka sitini na moja na moyo uliowekewa kijibomba cha chuma. Milada hakujidanganya. Kaka yake akija akaondoka tena vile, kola masikioni, hatarudi. Atabaki kuwa sauti ya Jumapili, na siku moja hata sauti itakoma. Kwa hiyo hakupaswa kuikosea pikipiki hii, na hakujua hata kipi kinaitwa kuikosea.

Wale wanne waliorudi kutoka Austria, mmoja alikuwa ameshafariki. Waliobaki ni watatu, ndio waliokuwa kwenye karatasi: Radim, Lubor na Vilém.

Alianza na Radim kwa sababu Radim ndiye mwenye baa, na mwenye baa hakosi kukukaribisha. Alimkuta anafuta meza kwa kitambaa ambacho chenyewe kilihitaji kufutwa.

"Pikipiki ya Ota?" Radim alisema. "Dada, usihangaike. Ninayo."

"Ya Ota mwenyewe?"

"Namba kumi na nne. Twende."

Nyuma ya baa, kwenye chumba cha mapipa, ilikuwepo imesimama juu ya kreti la bia: tangi jekundu, matairi yenye meno, namba kumi na nne nyeupe ubavuni. Ilikuwa safi kuliko vikombe vya baa. Milada hakutazama tangi, alitazama siti. Akaiinamia, akapitisha kidole.

Siti zote za klabu alizishona yeye, kwa mabaki ya ngozi bandia ya kiwandani. Ya Ota ilikuwa ya kwanza kabisa, naye kwa ujinga wa msichana wa miaka kumi na minane aliuweka mshono juu, katikati, mahali mtu anapokaa. Ulimkwaruza mapaja msimu mzima. Ota hakusema neno, na Milada asingejua kama mama yao asingekuwa anafua zile suruali. Na hapa mshono ulikuwepo, juu katikati, mkono wake mwenyewe.

"Ni yenyewe," alisema, na ilibidi apenge kamasi.

"Si nilikwambia. Sasa sikiliza, maana hujawahi kununua. Mtu anayeanza anachukua iliyo kamili. Kila kitu kiwepo, hata kama kimeoza. Ukianza na pungufu utatafuta kabureta mpaka uingie kaburini. Nitakupa kwa bei ya jirani. Ila nenda kalale kwanza, usinunue ukiwa unalia."

Milada alikwenda nyumbani, akaandika kwenye daftari lake la mapishi ya jamu: *Ichukuliwe kamili.* Angeweza kuishia hapo. Lakini majina yalikuwa matatu, na yeye ni mtu wa kumaliza alichoandika. Isitoshe, alifikiri, si vizuri kununua kwa Radim bila hata kumjulia hali Lubor.

Lubor alimtisha kidogo. Ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote, na mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na miwili. Miaka mitano ya kuzuiwa iliisha akiwa na watoto wawili na lori la maziwa. Alimkuta uani anapasua kuni.

"Nasikia unanunua pikipiki," Lubor alisema bila kuacha kupasua.

"Umesikia wapi? Nimetoka kwa Radim jana jioni."

"Kwa Radim ndiko watu wanakosikia. Kakuuzia ile yake?"

"Bado. Ni ya Ota, Lubor. Nimeuona mshono wangu."

Lubor aliweka shoka chini. "Mshono," alisema. "Njoo hapa."

Gereji yake ilinuka mafuta na tufaha, kwani mkewe huhifadhi tufaha humo. Pikipiki yake haikuwa na rangi ya kusifia, lakini ilionekana inatumika. Kila Septemba Lubor huendesha kwenye mashindano ya wazee, na kila Septemba humaliza wa kwanza au mtaroni.

"Pikipiki ni injini," alisema. "Mengine yote ni vyuma vya kuizuia isianguke. Ukichagua, sikiliza injini. Tazama hapo kwenye silinda. Hesabu mapezi."

Milada alihesabu mapezi ya chuma yanayopoza silinda. La tatu kutoka juu lilikuwa limekatika pembeni, kipande cha ukubwa wa ukucha. Pezi lile alilijua. Lilikatika uani kwao, pikipiki ilipoliangukia bomba la maji la mama, na mama aliomboleza bomba siku tatu.

"Hili ni la Ota," alisema taratibu.

"La nani tena?"

"Lakini ya Ota iko kwa Radim."

"Radim ana tangi na siti. Amekalia tangi na siti miaka thelathini na saba anajiona ana pikipiki."

Milada alikaa kwenye kreti la tufaha. Mke wa Lubor, ambaye alikuwa amechungulia dirishani, alikuja na kikombe cha chai, akakiweka mkononi mwake, akarudi ndani.

"Basi niuzie injini," Milada alisema. "Nitanunua ile ya Radim, nitatia hii. Itakuwa yake kamili."

"Siuzi."

"Nitakulipa unachotaka."

"Siuzi, Milada. Anaitaka, aje mwenyewe aniombe." Akaokota shoka. "Hapa nyumbani anapajua. Hatujahama."

Njia nzima ya kurudi Milada aliyasikia maneno yale kama mlango uliofungwa usoni. Aliandika kwenye daftari: *Injini kwanza.* Yakiwa chini ya *Ichukuliwe kamili*, maneno yale hayakupatana nayo. Usingizi wa siku hiyo ulikuwa mbaya.

Vilém alikuwa wa mwisho. Hajawahi kuoa, anafuga nyuki na kuku, na ni mtu anayejibu swali la leo kesho kutwa. Milada alipomweleza shida yake, aliitikia kwa kichwa kwa muda mrefu, kisha akamwongoza hadi banda la kuku. Ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, kuku sita walikuwa wamelala juu ya bomba la chuma lililopinda. Vilém aliwaondoa mmoja mmoja, akiwaomba radhi kwa majina. Ilikuwa fremu ya pikipiki.

"Ya Ota," alisema.

Milada alicheka. Hakuwa na jingine la kufanya. "Vilém, we acha. Nimeshaona za Ota mbili."

"Futa hapo chini ya shingo."

Alifuta kinyesi kwa leso yake. Palikuwa na kovu la kuchomelea, nene, la rangi ya shaba. Na hilo pia alilikumbuka. Fremu ilipasuka Jumamosi moja, na yeye na Ota waliibeba kwa mhunzi wakipita katikati ya kijiji, Ota mbele, yeye nyuma, bibi harusi mmoja akitoka kanisani ikabidi awapishe.

"Kwenye makaratasi, namba ya pikipiki ni ya fremu," Vilém alisema. "Ukiwa na injini bila fremu, una injini. Ukiwa na fremu, una pikipiki ambayo haijakamilika."

"Basi nieleweshe," Milada alisema, "maana naona nachanganyikiwa. Mtu mmoja, pikipiki moja, na iko nyumba tatu, na hakuna anayesema uongo."

Vilém alitafuta ndoo mbili, akazigeuza, wakakaa. Kuku mmoja akapanda gotini kwake.

"Wiki ile tulipotoka Austria," alisema, "walikuja watu wawili wa serikali, Jumapili, kuchukua pikipiki ya mtoro. Wewe hukuwepo."

"Waliniita mjini kunihoji habari za Ota. Nilikuwa natia sahihi karatasi."

"Ndiyo. Mama yako akawaambia, pikipiki ipo, wala haikimbii, lakini bata ameshaiva, na mtu hachukui mali ya watu na njaa. Wakakaa. Akawapa supu. Akawapa bata na kabichi na matonge ya unga. Kila wakitaka kuinuka anaongeza tonge. Masaa mawili na nusu, Milada. Sisi tulikuwa kwenye banda la nyuma na spana. Mimi nikachukua fremu yake nikaitia kwenye pikipiki yangu, Radim akachukua tangi na siti, Lubor injini. Vyuma vyetu vibovu wote wanne tukavifunga pamoja, tukapaka kumi na nne. Ndiyo waliyoondoka nayo. Mmoja wao alikuwa ameshiba hata kamba ya lori alishindwa kufunga, Lubor akamfungia."

Mama yake aliishi miaka kumi na miwili baada ya hapo, kila Jumapili wakila pamoja, na hakumwambia. Alidhani labda ili, akiitwa tena kutia sahihi, asiwe na cha kuficha. Alikumbuka kwamba jioni ile alirudi amechoka, akauliza bata yuko wapi, na mama akasema ameungua. Akamkaangia mayai.

"Lakini mlikuwa mmemkasirikia," alisema hatimaye.

"Sana. Lubor ilibidi tumzuie asimpige mtu yeyote tu." Vilém alimpapasa kuku. "Ila pikipiki haikukimbia, Milada. Pikipiki ilirudi na sisi."

"Nani aliwaza kuifungua?"

"Lubor. Alikuwa ameshatoa injini kabla sisi hatujapata spana."

Alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Sasa aliyajua yote na hakujua lolote. Kamili? Injini? Fremu? Kwenye daftari aliandika *Namba ni ya fremu*, halafu akakaa akiyatazama mashauri matatu ya watu watatu wazuri, kila moja likimfuta mwenzake. Alijaribu kuwaza kama anachagua kitambaa. Kitambaa unakishika, kinakwambia. Vyuma hivi vyote alivishika na vyote vilimwambia ni vya Ota.

Jumapili simu ililia akiwa bado na sahani ya supu mbele yake.

"Umepata?" Ota aliuliza.

"Nimepata ya kwako," Milada alisema. "Kwa Radim, kwa Lubor, na kwa Vilém." Akamsimulia, bata na matonge na kamba ya lori. Upande wa pili palikuwa kimya hata akadhani simu imekatika.

"Upo?"

"Nipo. Lubor anasemaje?"

Milada alitua kijiko. Ota hakuuliza injini ikoje. Hakuuliza kama fremu imeoza.

"Anasema hauzi. Anasema uje mwenyewe umwombe."

"Aha," Ota alisema. "Sawa. Basi chukua ya Radim. Iko kamili, si ndiyo? Hatutahitaji kumsumbua mtu. Tutafunga mlango wa banda, mimi na wewe, tukae na kazi yetu. Eh, Mila? Ya Radim."

"Nitaona," Milada alisema.

"Hata wewe itakuwia rahisi. Ni ya kwanza kwako."

"Nimesema nitaona, kaka. Kunywa dawa zako."

Supu ilipoa. Paka alipanda mezani, hakumfukuza. Aliwaza mlango wa banda uliofungwa, Ota ndani yake miezi mitatu, kamili, hana anachohitaji kwa mtu. Aliona kola ya koti. Halafu aliwaza maneno ya Lubor, yale yaliyomwuma njia nzima, akayasema mwenyewe kwa sauti jikoni ili ayasikie vizuri. Aje mwenyewe. Hapa nyumbani anapajua. Hatujahama.

Mtu anayefunga mlango, alifikiri, hakukumbushi kwamba hajahama.

Hakuwa na hakika. Huenda alikuwa anajishonea tu matumaini kutokana na mabaki, kama alivyofanya kwa ngozi bandia. Lakini Jumatatu asubuhi alitoa toroli la bustani akaenda kwa Vilém.

"Umekosea, dada," Vilém alisema, huku tayari akiwahamisha kuku. "Hii ni mifupa mitupu. Unaanza, unahitaji kitu chenye nyama."

"Haina injini?"

"Haina."

"Haina tangi wala siti?"

"Si unaona mwenyewe haina."

"Basi nipe hiyo."

Vilém alimtazama muda mrefu, kama anavyotazama mzinga kabla ya kuufungua. Alikataa pesa, akataka badala yake mtungi mmoja wa jamu ya plamu na fito moja ya kuku kulalia, na fito yenyewe akaikata mwenyewe kwenye mti wake. Aliifunga fremu kwenye toroli kwa kamba, akaweka gunia chini yake isikwaruzike. Miaka yote kuku walikuwa wameinyea, leo anaogopa isikwaruzike.

Kwa Radim alisimama mlangoni tu. Radim alitazama toroli akapiga kofi paji la uso wake.

"Dada wee. Nilikwambia kamili."

"Uliniambia. Hiyo siti usimuuzie mtu."

"Nani ananunua siti inayokata watu makalio?" Kisha akaitazama fremu tena, polepole, na kitambaa chake kikasimama. "Atakuja kuifuata mwenyewe?"

"Itabidi."

"Nitamwambia mke wangu," Radim alisema. "Atataka kujua mapema. Mambo ya keki."

Kwa Lubor aliliacha toroli barabarani, mahali panapoonekana. Lubor alikuwa chini ya lori, miguu tu nje.

"Nimechukua fremu ya Vilém," Milada aliiambia miguu.

"Nimesikia toroli."

"Haina injini."

"Najua haina injini. Niliitoa mimi."

"Anakuja tarehe tatu Juni. Nadhani atapita hapa. Itabidi apite. Hakuna injini nyingine ya ile."

Miguu haikusogea. Spana ilizunguka nati mara tatu, nne. Milada alisubiri. Alijua kusubiri. Miaka thelathini na minane alisubiri mashine ipoe. Dirishani mke wa Lubor alikuwa amesimama, ameshika sahani bila kuifuta.

"Asije Jumanne," Lubor alisema kutoka chini. "Jumanne niko kwa daktari wa meno."

"Nitamwambia."

"Na aje na spana yake. Zangu siazimi."

Milada alilisukuma toroli hadi kwake, akaliingiza bandani, akaketi mbele ya fremu na ndoo ya maji ya moto na brashi ya viatu. Kinyesi kilikuwa kigumu kama saruji. Alisugua hadi mchana na akafika shingoni tu, penye kovu la shaba, na bado hakujua kama alichochagua ni sahihi. Pengine Ota akisikia ataghairi tiketi. Pengine Juni watakuwa na bomba lililopinda na ndugu wawili wanaolitazama. Aliendelea kusugua, kwa sababu angalau kusugua alikujua.

Jumapili simu ililia.

"Ya Radim umeichukua?" Ota aliuliza.

"Nimechukua fremu."

"Fremu tu? Mila, fremu tu? Na tangi liko wapi?"

"Kwa Radim. Na siti."

"Na injini?"

Milada alikaa vizuri kwenye kiti. Paka alikuwa amelala juu ya daftari la jamu, juu ya mashauri yote matatu.

"Kwa Lubor," alisema. "Lakini usiende Jumanne. Jumanne hayupo."

Kule Kanada kijiko kilizunguka kikombeni, kikazunguka, hata kahawa lazima ilikuwa imeshapoa. Hakukata simu. Milada naye akamwachia nafasi.

"Spana namba ngapi ile?" Ota aliuliza hatimaye. "Nimesahau."

"Mimi nitajuaje?" Milada alisema. "Njoo nazo zote."